MJI WA VISIMA, MIFEREJI MIKAVU



Kila ikifika tarehe 17 ya mwezi huu wa Ramadhan tunasomewa kisa cha Badr, na kila mwaka tunakumbushwa uchache wa Waislamu na wingi wa Makureshi. Kuna kipande kimoja cha kisa hicho ambacho wengi wetu hukipita mbio. Kabla ya vita, mwaka wa 2 Hijria (624), Hubab bin Mundhir, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama mahali pale walipotua palichaguliwa kwa wahyi au ni rai tu ya vita. Alipojibiwa kuwa ni rai, akashauri jeshi lisogee mbele mpaka kwenye visima. Ushauri ukakubaliwa, watu wakasogea. Yaani mtu wa kawaida alisimama mbele ya kiongozi aliye bora kuliko viongozi wote, akamwambia habari ya maji, naye akasikilizwa.

Nimeanza huko kwa sababu makala yangu ni ya maji, lakini si ya Badr. Ni ya Mombasa, mji niliozaliwa na kusoma madrasa, mji ambao kila nikirudi likizo kutoka chuoni nauona umetupwa. Najua kila mtu ana kilio chake: mwengine taka, mwengine mitaro, mwengine kivuko cha Likoni. Mimi nimechagua maji kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna nyumba isiyoguswa. Pili, maji yana historia, na ukiifuata historia hiyo mwaka kwa mwaka utaona waziwazi kwamba mji huu haukunyimwa maji na Mola wake. Kuna watu walitakiwa walete maji. Kuna walioleta, na kuna waliokaa.

VISIMA VYA MLANGONI

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa akielekea Kilwa. Alilala usiku mmoja tu, lakini macho yake yalikuwa makali. Aliandika kwamba watu wa hapa ni wa madhehebu ya Shafi, watu wa dini na wema, kwamba chakula chao ni ndizi na samaki, na kwamba nafaka yaletwa kutoka bara ya Waswahili. Kisha akaeleza misikiti. Ilikuwa ya mbao, imejengwa imara, na kwenye mlango wa kila msikiti kulikuwa na kisima kimoja au viwili. Watu waliteka maji kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti chembamba cha urefu wa dhiraa moja. Mwenye kutaka kuingia akiosha miguu kwanza.

Hebu fikiria, ndugu msomaji. Zaidi ya miaka 600 kabla ya uhuru wa Kenya, mgeni analala usiku mmoja, na miongoni mwa mambo anayoona yafaa kuandikwa ni kwamba mji huu una maji mlangoni mwa kila msikiti. Na kijiti kile cha dhiraa moja chatuambia maji hayakuwa mbali. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe. Mvua ikinyesha maji hupenya na kukaa chini, juu ya yale ya chumvi. Wazee walijua hivyo. Walichimba kisima kwanza, ndipo wakajenga.

Alama bado zipo Mji wa Kale. Msikiti wa Mandhry, ambao kujengwa kwake hutajwa kuwa mwaka 1570, una kisima mbele yake, ng'ambo ya njia. Chini ya ngazi za Leven, karibu na bandari ya zamani, kuna kisima cha maji matamu hatua chache tu kutoka baharini. (Jina hilo la Leven ni la manowari ya Waingereza iliyofika hapa mwaka 1824, wakati Mazrui walipotafuta himaya dhidi ya Sultani Said. Hayo ni makala ya siku nyengine.) Ndani ya Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kuna birika la kukinga maji ya mvua na kuna kisima. Hata adui aliyekuja kututawala kwa bunduki alijua kwamba bila maji hatalala.

Lakini swali langu si la mawe. Swali langu ni: nani alikuwa akiviangalia visima hivi? Jibu ni wakfu. Mtu tajiri, mara nyingi mwanamke aliyerithi shamba au nyumba, alitoa mali yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na mapato yake yakalipia kamba, ndoo, usafi na matengenezo. Mfano wake unajulikana na kila mtoto wa madrasa: Sayyidna Uthman bin Affan alikinunua kisima cha Ruma mjini Madina, ambacho mwenyewe alikuwa akiuza maji yake, akakifanya cha watu wote bure. Jambo la kutilia maanani ni kuwa wakfu ulikuwa na msimamizi, na msimamizi alijulikana kwa jina na kwa nyumba. Maji yakikatika, watu walijua mlango wa kubisha. Nataka ulishike neno hilo la mlango, kwa sababu huko mbele tutautafuta na hatutauona.

BOMBA LAFIKA

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, mji ulifurika watu kwa ghafla: vibarua kutoka Bara Hindi, wachukuzi, wanajeshi, wafanya biashara. Visima vya mlangoni havikuchimbwa kwa umati huo, na vyoo vya shimo viliongezeka kando yake. Mwaka 1905 makao makuu ya serikali yakahamishiwa Nairobi. Mwaka 1908 ikaja sheria ya kuandikisha ardhi za Pwani, na wengi walioshindwa kuthibitisha madai yao wakapoteza ardhi. Mambo ya wakfu nayo yakawekwa chini ya tume ya serikali. Sisemi kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri. Visima vilileta maradhi pia, na tusidanganyane. Nasema tu kwamba mikono iliyokuwa ikiviangalia ilifungwa.

Badala yake likaja bomba. Katika robo ya kwanza ya karne ya 20 maji yalivutwa kutoka Milima ya Shimba, chemchemi za Marere, upande wa Kwale, mpaka kisiwani. Mwaka 1928 Mombasa ikapata bodi ya manispaa, ambamo Wazungu na Wahindi walikuwa na sauti na Waarabu na Waafrika walikuwa wachache. Kisha, miaka ya 1950, ikafanyika kazi kubwa kuliko zote: bomba la zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Maji ya Mzima hunyeshewa kwenye vilima vya Chyulu, yakachujwa na mawe ya volkano kwa miaka, yakatoka chini safi kama kioo. Ikaundwa bodi maalumu ya bomba hilo.

Msinielewe vibaya. Mkoloni hakutuletea maji kwa mapenzi. Alikuwa na bandari ya Kilindini, alikuwa na reli, alikuwa na meli zinazotaka kujaza matangi. Mitaa ya Wazungu ilipata mfereji ndani ya nyumba, na Majengo watu wakapanga foleni kwenye mfereji wa mtaa. Lakini ukweli lazima usemwe, hasa katika mwezi huu: alihesabu watu na meli zake, akaangalia miaka ya mbele, akajenga. Sensa ya mwaka 1962 ilihesabu Mombasa watu karibu 180,000. Bomba la Mzima liliwahusu hao na watakaozaliwa baadaye kidogo.

Waliozaliwa baadaye sana ni sisi.

BAADA YA BENDERA

Miaka ya kuelekea uhuru viongozi wa Pwani walikuwa na vita vyao. Wengine walitaka Mwambao ujitenge, wengine walitaka majimbo, wengine walitaka Kenya moja. Mwaka 1961 ilikuja tume ya Robertson kusikiliza, na Oktoba 1963 ukatiwa saini mkataba wa kuliunganisha eneo la maili kumi na Kenya. Majimbo nayo hayakudumu, yakafutwa. Mimi sikuwapo, na sitaki kuwahukumu wazee waliokuwapo. Nionavyo lakini, siasa ya Mombasa ilizoea tangu hapo kuuliza swali moja tu: mji huu ni wa nani? Ni Mwarabu, ni Mswahili wa miji kumi na miwili, ni Mdigo, ni mtu wa bara? Swali la pili, la nani ataufanyia nini mji huu, likawa halina mwenyewe.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Wazee bado wanamtaja meya Msanifu Kombo, wa siku za mwanzo za uhuru, na jina lake liko kwenye barabara mpaka leo. Wanasema zamani zile mitaro ilizibuliwa kabla ya masika na mtu wa baraza la mji ulimjua. Labda wazee huongeza chumvi kidogo, ni kawaida yao.

Miaka ya 1980 ikawa ndiyo mara ya mwisho Pwani kupata chanzo kikubwa kipya: maji ya mto Sabaki, yanayosukumwa kutoka Baricho kuelekea Malindi, Kilifi na Mombasa kaskazini. Mto ule wabeba mchanga na matope mengi, ikabidi baadaye visima vichimbwe ukingoni badala ya kuteka mtoni moja kwa moja. Upande wa kusini kuna visima vya Tiwi. Hiyo ndiyo orodha yote, ndugu msomaji: Marere ya mkoloni, Mzima ya mkoloni, Baricho, Tiwi.

Sasa weka pembeni hesabu ya watu. Sensa ya 1969: 247,073. Sensa ya 1999: 665,018. Sensa ya 2019: 1,208,333. Mji umekua karibu mara tano katika miaka hamsini. Bomba la Mzima lilipangiwa kupitisha mita za ujazo 35,000 hivi kwa siku, na njiani wanakunywa watu wa Voi, Mariakani na Mazeras. Mahitaji ya Mombasa peke yake yanakadiriwa kuwa karibu mita za ujazo 200,000 kwa siku, na yanayofika hayafiki hata nusu. Na hayo yanayofika, ripoti za mdhibiti wa huduma za maji za miaka kadhaa zimeonyesha karibu nusu yake hayaleti hata senti: yanavuja, yanaibiwa, au mita ni mbovu. Huhitaji digrii kuelewa hesabu hii. Mwanafunzi wa darasa la sita atakwambia jibu.

Bomba la pili la Mzima limezungumzwa kwa miongo. Sisi tumekua tukilisikia, kama watoto wanavyosikia hadithi za majini. Bwawa la Mwache, huko Kwale, Benki ya Dunia ilipitisha fedha zake mwaka 2014. Mwaka 2024, miaka kumi kamili, lilikuwa bado halijatoa maji. Mwaka 2018 tukatangaziwa ati bahari itasafishwa chumvi tunywe. Picha za kutia saini zilipigwa, suti zilivaliwa. Lakini wapi!

Na tusisahau jirani zetu. Watu wa Taita Taveta wanaishi karibu na chemchemi za Mzima na wengi wao hawana maji. Viongozi wao wamelalamika miaka mingi kwamba bomba lapita mbele ya macho yao. Watu wa Mwache wamehamishwa kwenye mashamba yao kwa ajili ya bwawa letu, na fidia imekuwa na vuta nikuvute. Kiu ya Mombasa isiwe sababu ya kudhulumu wengine.

MLANGO UKO WAPI?

Nilikuambia ulishike neno mlango. Tazama ulivyohamishwa.

Kwanza mlango ulikuwa wakfu. Ukawa manispaa na bodi ya bomba. Mwaka 1988 serikali ikaunda shirika la taifa la maji na mabomba, na madaraka yakaenda Nairobi. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ikavunja kazi vipande: bodi ya Pwani ishike mitambo, kampuni ya mji iuze maji majumbani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, ikasema kila mtu ana haki ya maji safi, salama na ya kutosha, na jedwali la nne likaipa kaunti huduma za maji. Mwaka 2013 tukapiga kura, tukapata gavana na bunge la kaunti. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 ikaibadilisha ile bodi kuwa wakala wa kujenga mitambo. Umefuata? Usijali, hata waheshimiwa wengine hawajafuata.

Matokeo yake ni haya. Mwananchi akiuliza kampuni ya mji, yaambiwa maji hayajaletwa na wakala. Akiuliza wakala, asikia kampuni haijalipa deni la maji. Wakala naye adaiwa pesa za umeme, na zaidi ya mara moja umeme wa pampu za Baricho umekatwa, mji mzima ukakaa mkavu kwa deni ambalo mwenye mtungi mkononi hakulikopa. Kaunti yasema ni serikali kuu. Serikali kuu yasema maji yamegatuliwa. Ni mpira wa chandimu: unapigwa kila upande na hakuna goli.

Nyumbani kwetu mama huamka saa nane usiku, si kwa daku, ni kwa mfereji. Maji huja siku mbili kwa wiki, kama yatakuja, na hutiririka kama uzi. Akijaza ndoo nne amshukuru Mola wake ndipo apike. Ramadhan iliyopita yalikatika siku tisa mfululizo. Hamali wa mkokoteni alipandisha bei ya mtungi mara mbili ndani ya wiki moja, na siwezi kumlaumu sana, naye alikuwa amefunga na jua ni kali. Msikitini kwetu birika lilikuwa tupu Magharibi. Tukatawadha kwa maji ya chupa, mtu na mwenzake wakigawana chupa moja. Kilichotuokoa ni kisima cha msikiti wa mtaa wa pili, kisima cha zamani, maji yake yana chumvi kidogo. Watu wa mtaa mzima, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, walipanga foleni pale mpaka usiku wa manane. Aliyekichimba ameshakuwa mchanga. Aliyechaguliwa kwa kura zetu alikuwa Nairobi.

NASI TUMO

Nikisimama hapa nitakuwa nimewapiga viongozi peke yao, na hiyo ni rahisi. Kila maskani yafanya hivyo baada ya Taraweh, kahawa chungu mkononi. Kulalamika Mombasa si jambo jipya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 akiwaamsha watu wa mji huu kuhusu elimu na hali yao. Tofauti ni kuwa yeye aliandika kwa watu wake wajitazame wenyewe, sisi twaongea tupoze moyo.

Tazama tunavyochagua. Wakati wa kampeni bowza la maji huingia mtaani limebandikwa picha ya mheshimiwa. Watu hukimbia na ndoo, hupiga vigelegele, husema huyu ndiye. Ndugu yangu, bowza ni ushahidi dhidi yake! Kama alikuwa madarakani miaka mitano na bado unangoja bowza, amekuletea hukumu yake kwa magurudumu. Mwengine huchimba kisima miezi miwili kabla ya uchaguzi, akafunga pampu, akapiga picha. Pampu ikiharibika hakuna wa kuitengeneza, kwa sababu hakuacha msimamizi wala pesa ya kuitunza. Wazee wetu wasingekiita hicho sadaka inayoendelea.

Kisha twauliza: huyu ni wa kwetu? Ni kabila gani? Anaswali wapi? Dini ya mtu ina maana kwangu, mimi ni mtoto wa madrasa. Lakini mabomba ya Mombasa yameoza chini ya viongozi wa kila kabila na wa kila dini. Hubab hakuuliza jeshi lipige kambi kwa ukoo wa nani. Aliuliza maji yako wapi.

Kuna mambo ya kufanya ambayo hayahitaji digrii wala maandamano. Makadirio ya bajeti ya kaunti kwa sheria hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na Katiba, kifungu cha 196, yalilazimisha bunge hilo kuwashirikisha wananchi. Vikao hivyo hutangazwa, mara nyingi kwa tangazo dogo gazetini, na wanaofika ni wale wale, wengine wameletwa kwa nauli na soda. Vijana wa jumuiya yetu wanaweza kwenda kumi kumi kutoka kila mtaa, na karatasi yenye maswali matatu: mwaka uliopita shilingi ngapi zilitengwa kubadilisha mabomba ya zamani, ngapi zilitumika, na mita ngapi za bomba zilibadilishwa katika wadi yetu? Majibu yaandikwe, na diwani wa wadi aitwe kwa jina. Wakati huo huo kamati za misikiti zinaweza kuhesabu visima vya wakfu vilivyobaki Mji wa Kale, Bondeni na Majengo: vipi vina maji, vipi vimefukiwa, vipi vimejengewa duka juu yake na nani. Kazi hiyo ya kuhesabu yaweza kuanza wiki ya kwanza ya Shawwal, shule zikiwa bado zimefungwa kwa Idd, na mwenye kutaka kuja nasi alete daftari na kamba ya kupimia kina.